Nyama ya kusaga isagwe mbele ya macho yetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo linaloweza kuonekana dogo, lakini ambalo kila ifikapo saa saba mchana huwa kubwa katika nyumba nyingi za Nairobi, nalo ni chakula cha mchana. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Umoja. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye amebakiwa na meno machache, nina wasichana wawili ninaowafunza ushonaji, na shule zinapofungwa mwezi wa Agosti huletewa wajukuu wawili washinde nami. Tunakuwa watu sita, na kati ya cherehani na jiko nina nusu saa tu ya kuinuka, kupika, kupakua na kurudi kazini. Najua siko peke yangu, kwa maana mchana nikitoka nje nawaona watoto wa majirani wakirudi kutoka kibandani na chipsi zilizofungwa kwa karatasi, siku moja baada ya nyingine, na siwalaumu wazazi wao. Muda hautoshi.

Chakula kilichonitoa katika dhiki hiyo ni nyama ya ng'ombe ya kusaga. Nyama ya mfupa huniweka jikoni saa nzima na zaidi, na hapa kwetu jambo hilo lina sababu yake: mji wetu umekaa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100, na maharagwe au nyama ngumu huchelewa kuiva kuliko ambavyo ingekuwa Mombasa. Ukiwa unapikia mtungi wa gesi wa kilo 6, kila saa ya kuchemsha utaihesabu mwisho wa mwezi. Nyama iliyosagwa haidai hayo yote, kwa sababu mashine imekwisha kukata zile nyuzi za nyama ambazo moto ungechukua muda mrefu kuzilainisha. Mama yangu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akinywa mchuzi na kuniachia vipande vya nyama pembeni mwa sahani, sasa hula sawa na sisi.

Wapo wanaoidharau wakisema ni mabaki ya bucha. Ndugu zetu wa Pwani huiita kima, neno lililofika kwa njia ya Wahindi, na huko hakuna anayeiona kuwa ya hadhi ya chini. Ndiyo inayojaza sambusa za mwezi wa Ramadhani na ndiyo inayofungwa ndani ya mkate wa mayai. Dharau hii ni ya kwetu huku bara, na naamini chanzo chake kikubwa ni kwamba wengi hawajawahi kuipika inavyostahili.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuimwaga nyama yote katika sufuria ndogo iliyokwisha kujaa mafuta na vitunguu. Nyama ya kusaga hutoa maji mengi, na yakikosa nafasi ya kupaa huichemsha, ikageuka kijivu na kushikamana mabonge mabonge. Mimi huteleka karai pana, nikaliacha lipate moto sawasawa, kisha nikatia nyama bila tone la mafuta, nikaitandaza kwa mwiko na kuiacha dakika mbili bila kuigusa. Baada ya hapo naivunjavunja. Mwanzoni utasikia mlio mzito wa maji yanayotokota. Maji yakikauka, mlio hubadilika ukawa mkali na mkavu, na mafuta ya nyama yenyewe huanza kuonekana chini ya karai. Mjukuu wangu wa kike, ambaye ana umri wa miaka 11, husimama mlangoni akitega sikio, na wakati huo ukifika huniita: "Shosho, imeanza kulia vingine." Hapo ndipo natia kitunguu, kwa maana mafuta ya kukikaangia yamekwisha kupatikana bure.

Kitunguu kikilainika, hufuata kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kijiko kimoja cha bizari, kisha nyanya tatu zilizokatwa ndogo. Nyanya zikiyeyuka natia viazi vinne nilivyovikata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, nikaongeza chumvi na maji kikombe kimoja, nikafunika. Ukubwa wa vipande una maana, kwani kiazi kilichokatwa mara nne tu kitakuchelewesha dakika 15 ambazo huna. Kwa dakika kumi hivi viazi huwa vimeiva. Nikiwa nimepata minji katika soko la Muthurwa siku hiyo, nazo huingia pamoja na viazi. Mwisho natia dania, naminya limau, na tunakula kwa chapati zilizosalia jana au kwa wali ambao ulikuwa ukiiva kwenye jiko la pili. Tangu kuteleka karai hadi kupakua, dakika 25 hazizidi.

Nusu kilo ya nyama hututosha sote sita. Kama ingekuwa vipande, nusu kilo hiyo ingeleta manung'uniko, kwa kuwa mmoja angepata vipande vitatu na mwingine kimoja chenye mfupa. Ikisagwa huenea katika kila kijiko. Siku nyingine naichanganya na kabichi iliyokatwa nyembamba, au na tambi, au naikausha vizuri kwa hoho na kuiweka kando ya ugali na sukuma wiki. Mchanganyiko ninaoupenda kuliko yote ni wa nyama hiyo na ndengu zilizochemshwa tangu usiku. Ndengu zina protini na madini ya chuma, ila chuma cha nafaka na kunde mwili hukipokea kwa shida. Nyama kidogo ikiwemo, pamoja na nyanya, hoho au limau, mwili hukipokea vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo nimewazoesha wajukuu kutokunywa chai pamoja na chakula hicho, maana majani ya chai huzuia chuma.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ninapowaeleza jirani zangu haya yote, jibu ninalolipata karibu kila mara ni moja: nyama iliyokwisha kusagwa hawaiamini. Nami siwezi kuwaambia wamekosea. Miaka michache iliyopita nilinunua nusu kilo iliyokuwa imerundikwa tayari kwenye sinia ya bucha moja, nyekundu ya kuvutia macho. Ilipopata moto ilitoa mafuta mengi kiasi cha kujaza nusu ya karai, na chini ya harufu ya vitunguu kulikuwa na harufu nyingine ambayo sikuielewa. Niliimwaga yote. Siku hiyo tulikula mkate na chai, na nilikaa muda mrefu bila kununua tena.

Wasomaji watakumbuka Julai 2019, wakati uchunguzi wa runinga ulipoeleza kwamba baadhi ya maduka ya jijini yalikuwa yakitia kemikali iitwayo sodiamu metabaisalfaiti katika nyama ili ionekane mbichi. Kemikali za jamii hiyo huweza kumzidishia mgonjwa wa pumu mashambulizi, na huharibu vitamini B1 iliyomo ndani ya nyama. Hofu ya mwaka ule haijatoka katika mitaa yetu, na nyama ya kusaga ndiyo iliyobeba lawama kubwa zaidi, kwa sababu inayoeleweka. Paja zima likining'inia dirishani utaona muhuri wa mkaguzi uliopigwa kwa wino, utaona rangi ya mafuta, utaweza hata kuomba ligeuzwe. Nyama ikishapita mashineni haina muhuri, haina umbo, na hakuna anayeweza kujua kama ilikuwa paja la leo au vipande vya juzi.

Tena hatari yake si ya udanganyifu peke yake. Katika kipande kizima cha nyama, bakteria hukaa zaidi juu juu, mahali ambapo moto huwafikia kwanza. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingizwa ndani, na mashine chafu huongeza uchafu wake. Huko Marekani, kati ya mwisho wa mwaka 1992 na mwanzo wa mwaka 1993, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne wakafariki kutokana na hambaga ambazo hazikuiva ndani, zilizokuwa na bakteria wa E. koli wa aina ya O157. Wataalamu wa huko husisitiza kwamba nyama ya kusaga ifike nyuzijoto 71 kila mahali. Sisi wengi hatuna kipimo cha joto jikoni, lakini upishi nilioueleza, wa kuivunjavunja na kuichemsha pamoja na nyanya kwa dakika kumi, hufika huko bila shida. Kebabu nene ndizo za kuangaliwa sana. Lililo salama ni kuzitengeneza nyembamba, kuzikaanga kwa moto wa wastani, na kuipasua moja katikati kabla ya kuwapa watoto.

Kwa hiyo nawaomba wenye bucha, wa Umoja na wa kila mtaa wa jiji hili, wakubali kusaga nyama mbele ya mnunuzi. Mteja achague kipande kinachoning'inia, cha bega au cha paja chenye mafuta kiasi, kipimwe akiona, kikatwe na kipite mashineni akiwa amesimama pale. Mashine ifunguliwe na kuoshwa kwa maji moto na sabuni kila siku, kwani mabaki hukwama kwenye kisu na kwenye sahani yake yenye matundu, mahali pasipoonekana na mtu aliye nje ya kaunta. Naomba pia maafisa wa afya wa kaunti, ambao hukagua vyeti na makoti meupe, waombe kufunguliwa mashine. Gharama ya haya si kubwa, na sioni ni mwenye bucha gani mwaminifu atakayepoteza kwa kuonekana akifanya kazi yake.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Mteja anayesema "nisagie tu yoyote, nina haraka" ndiye anayewafundisha wengine kuuza mabaki. Anayenunua asubuhi na kuiacha nyama ndani ya mfuko kazini hadi jioni hawezi kumlaumu muuzaji. Nyama hii haifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na hata ndani ya friji ni ya siku moja au mbili. Asiye na friji, kama nilivyokuwa mimi kwa miaka mingi, na anunue ya siku hiyo hiyo kwa kadiri ya watu wake, robo kilo kwa watu watatu. Ukipakia kazini au kumpakia mtoto, tia ikiwa moto kabisa kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, na iliwe mchana huo. Na kama hakuna bucha unayoiamini, kisu kikali na ubao vinatosha: kata vipande vyembamba, kisha ukatekate kwa kwenda na kurudi kwa dakika tano. Itakuwa na chembe kubwa kidogo kuliko ya mashine, nami binafsi huona ladha yake ni bora.

Ombi langu la mwisho ni kwako, Mhariri. Kurasa za mapishi katika magazeti yetu hupamba zaidi vyakula vya sherehe, keki na pilau za watu ishirini. Tafadhali tengeni pembe ndogo kila wiki kwa mlo wa mchana unaoiva ndani ya nusu saa, kwa jiko la gesi lenye ndimi mbili, kwa vitu vinavyopatikana katika soko la Marikiti au kwa mama mboga wa mtaani, na muwaite wasomaji walete njia zao. Naamini wapo wanaoijua nyama hii kuliko mimi.

Hapa kwetu mwenye bucha mmoja amekwisha kuisogeza mashine yake dirishani, baada ya wanawake kadhaa wa mtaa kumwendea kwa heshima na kumwomba. Jumamosi adhuhuri foleni yake hufika kwenye meza ya muuza nyanya wa jirani, na muuza nyanya naye ameanza kuweka viazi.

Mshonaji na shosho,
Umoja, Nairobi