Yah: Tulilipia Dominika, Mkatukatia Tiketi ya Jamhuri ya Dominika

Moshi,
11 Agosti 2025.

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Usafiri na Utalii (jina nimeliondoa kwenye nakala hii),
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mke wangu ni wateja wenu tangu tarehe 5 Mei mwaka huu, siku tuliyowalipa shilingi 10,700,000, nusu ya gharama za safari ya siku tisa kwenda Dominika, kisiwa kilichoko bahari ya Karibi. Leo inatimia wiki ya tatu tangu nigundue kwamba fedha hiyo mmeinunulia safari ya nchi nyingine. Nimepiga simu, nimeandika WhatsApp, nimetuma barua pepe mbili. Majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonikalisha chini nikaandika barua hii kwa mkono, kisha nikampelekea kijana wa steshenari aichape.

Nianze mwanzo, kwa sababu faili letu naona limepita mikono mingi na hakuna aliyelisoma.

Mke wangu amefundisha jiografia sekondari kwa miaka 27. Kila mwaka akifika kwenye mada ya volkano, alikuwa anawachorea wanafunzi ubaoni ziwa moja la Dominika ambalo maji yake yanachemka. Yanachemka kweli, kama sufuria ya makande, rangi ya kijivu, mvuke umetanda juu, na upana wa mita 60 hivi. Limo ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Hakuna gari linalofika. Unaanzia kijiji cha Laudat, unatembea kwa miguu, unakatiza bonde ambalo ardhi yenyewe inafuka moshi wa kiberiti, na kwenda na kurudi ni kazi ya kutwa. Hilo ziwa amelichora ubaoni miaka yote hiyo na hajawahi kuliona. Tulipokubaliana kwamba jubilei yetu ya miaka 25 ya ndoa, tarehe 4 Novemba, hatukodi ukumbi wala hatuchinji ng'ombe, aliomba kitu kimoja: akalione.

Na kuna jambo la jina, ambalo kwake lina uzito kuliko kwangu. Sisi ni Wakatoliki, na kanisani Jumapili tunaiita Dominika. Kisiwa hicho kilipewa jina hilo kwa sababu Columbus alikiona siku ya Dominika, tarehe 3 Novemba 1493. Uhuru wake kutoka kwa Waingereza nao kilipata tarehe hiyo hiyo ya 3 Novemba, mwaka 1978. Kwa hiyo mama huyu akapanga: Dominika ya tarehe 2 tuwe kwenye misa Roseau, mji mkuu, tarehe 3 tuangalie sherehe zao za uhuru, tarehe 4 iwe yetu. Nchi mliyotukatia ninyi haikupata jina lake kwa siku ya Dominika. Ilipewa jina la mji wake mkuu, Santo Domingo, na mji ukaitwa hivyo kwa heshima ya Mtakatifu Dominiko. Mtu na siku ni vitu viwili.

Sikatai kwamba majina yanafanana. Kwa Kiswahili ndiyo mbaya zaidi, moja ni Dominika na nyingine ni Jamhuri ya Dominika, na mtu mwenye haraka atadhani la pili ni jina refu la la kwanza, kama tunavyosema Tanzania na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nililiona hilo mapema. Binti aliyenihudumia ofisini kwenu, mwenye adabu zake, alinipa shikamoo na kikombe cha chai, nami nikaandika kwenye fomu ya maombi kwa herufi kubwa: DOMINIKA (MJI MKUU ROSEAU), SI JAMHURI YA DOMINIKA. Akaipigia mstari yeye mwenyewe, kwa kalamu ya kijani. Nakala ya fomu hiyo nimeiambatisha, na mstari wa kijani unaonekana hata kwenye fotokopi, umetoka kijivu.

Tarehe 21 Julai ikaja kwenye simu yangu fomu ya viza ya kujaza. Mke wangu akavaa miwani, akaitazama, akaniuliza, "Baba, hii mbona ni Kihispania?" Dominika wanazungumza Kiingereza, na wao kwa wao wana Krioli yao yenye asili ya Kifaransa. Kihispania kinatoka wapi? Hapo ndipo nilipofungua ratiba mliyonitumia wiki iliyotangulia, ambayo nakiri sikuwa nimeisoma hadi mwisho. Juu kabisa mmeweka picha ya kasuku aina ya Sisserou, yule wa zambarau na kijani aliyeko kwenye bendera ya Dominika. Chini ya kasuku: Kilimanjaro, Doha, Madrid, Santo Domingo. Kisha gari hadi Punta Cana, hoteli ya ufukweni, usiku nane, chakula na vinywaji ndani ya bei.

Naamini najua lilivyotokea. Kwenye mitambo ya tiketi kila uwanja una herufi tatu. DOM ni uwanja wa Douglas-Charles, ulioko Dominika. Santo Domingo ni SDQ, Punta Cana ni PUJ. Mtu alianza kuandika jina la nchi kwenye kompyuta, likamtokea la kwanza, akabofya. Makosa ya namna hiyo hata mimi nimeyafanya. Nilikuwa mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, na kuna mwaka nilihamishia malipo ya mkulima mmoja kwa jirani yake mwenye jina kama lake. Nilikwenda nyumbani kwa wote wawili siku hiyo hiyo, kwa miguu, matope hadi magotini, nikaomba radhi. Kosa lenu la tiketi singeliandikia barua ndefu hivi. Ninaloliandikia ni yale yaliyofuata.

Nilipompigia mhudumu wenu wa pili (yule binti niliambiwa yuko likizo), alinijibu: "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi, ni kule kule." Nikamwambia si kule kule. Akasema, "Basi mkishafika mtavuka na boti, kama watu wanavyovuka Dar kwenda Unguja."

Ndugu Meneja, kutoka Punta Cana hadi Dominika ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Moroni kule Komoro. Katikati hapo iko Puerto Rico, viko Visiwa vya Virgin, iko Saint Kitts, iko Montserrat, iko Guadeloupe, na baadhi ya hizo ni ardhi ya Marekani na ya Ufaransa ambako pasipoti yetu haiteremki bila viza. Mke wangu aliposikia habari ya boti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu nilielewa kwamba mtu anayeuza safari za Karibi hajawahi kufungua ramani ya Karibi.

Nchi zenyewe hazikaribiani hata kwa ukubwa. Dominika ni kilomita za mraba 750 hivi, ndogo hata kuliko Pemba yetu, na watu wake ni wapatao 70,000. Ile nyingine ina kilomita za mraba zaidi ya 48,000 na watu zaidi ya milioni 10. Dominika mchanga wa fukwe nyingi ni mweusi kwa sababu ya volkano, milima inaanzia baharini, mvua ni nyingi. Wenyeji wake wa asili, Wakalinago, ambao wana eneo lao upande wa mashariki tangu mwaka 1903, walikiita kisiwa Waitukubuli, yaani mwili wake ni mrefu. Watu wanapanda migomba miteremkoni na ndizi mbichi za kuchemsha wanakula kama sisi. Mke wangu alinuna kidogo aliposoma hilo: "Yaani nivuke bahari mbili nikale machalari?" Lakini alitaka kwenda hivyo hivyo. Mchanga mweupe na mwavuli hatukuuomba. Tungeutaka, Nungwi ipo, na nauli yake tunaijua.

Punta Cana sina ubaya nayo, watu wanaipenda na wana haki. Sikuinunua, basi.

Bima nayo. Tuliisisitiza kwa sababu msimu wa vimbunga katika Karibi unaanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kimbunga Maria, cha daraja la tano, kiliipiga Dominika tarehe 18 Septemba 2017 kikaezua mapaa ya vijiji vizima. Hati mliyotutumia imeandikwa nchi ya safari: Jamhuri ya Dominika. Mtu akivunjika mguu kwenye njia ya kwenda ziwani, bima hiyo haimjui.

Sasa jibu la ofisi yako mwenyewe, la tarehe 4 Agosti. Mmeniandikia kwamba kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha masharti, "mteja anayesitisha safari" anarudishiwa asilimia 30. Nimepiga hesabu: asilimia 30 ya 10,700,000 ni 3,210,000. Mnabaki na 7,490,000. Kwa lipi? Mimi sijasitisha safari yoyote. Safari niliyoilipia, ya Dominika, haijawahi kukatwa tiketi, kwa hiyo hakuna cha kusitisha. Na hii mliyokata sikuiagiza. Ukienda dukani ukalipia mabati, mwenye duka akakupakilia saruji, ukikataa saruji hujasitisha mabati. Kifungu cha 7 nimekisoma mara tatu pamoja na mwanangu ambaye si mwanasheria lakini Kiswahili anakijua, na hakuna mahali kinaposema kosa la kampuni linageuka kuwa uamuzi wa mteja.

Jingine dogo, ila kwa mhasibu si dogo: kwa malipo ya tarehe 5 Mei nilipewa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Naomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe hiyo.

Muda nao unatukimbia. Njia tuliyokuwa tumeifikiria sisi ni ya London, kisha Bridgetown kule Barbados, kisha ndege ndogo hadi Dominika. Lakini Mtanzania hata akibadilisha ndege tu London, bila kutoka nje ya uwanja, anatakiwa awe na viza ya kupita. Kupitia Marekani ni vile vile, kule hata abiria wa kupita anapitia uhamiaji. Haya nilitegemea niyasikie kwenu, ndiyo kazi niliyowalipia, badala yake nimeyatafuta mwenyewe usiku kwa bando langu. Maombi ya viza yanataka pasipoti, na pasipoti zetu zote mbili mnazo ninyi tangu Juni, eti kwa ajili ya viza ya Santo Domingo.

Mimi na mke wangu tulitofautiana kidogo kuhusu tuwadai nini. Yeye alitaka mrekebishe tiketi ili mradi alione ziwa. Mimi nilisema aliyenielekeza boti ya kilomita 800 simwachii tena nauli yangu. Tumekubaliana hivi: mturudishie shilingi 10,700,000 zote, bila makato, kwenye akaunti ile ile, kabla ya tarehe 25 Agosti. Safari tutaipanga wenyewe. Tarehe hiyo ikipita kimya, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na fomu yenye mstari wa kijani inajieleza.

Pasipoti hazisubiri tarehe 25. Kijana wetu anaishi Tabata, atapita ofisini kwenu Ijumaa hii tarehe 15 saa nne asubuhi. Atakuwa na kitambulisho cha taifa na barua ya idhini niliyoisaini. Ameomba ruhusa kazini ya saa mbili tu, kwa hiyo naomba bahasha iwe imeandaliwa mapokezi, na asiambiwe arudi Jumatatu.

Wenu,
Mteja, kwa niaba yangu na ya mke wangu.

Viambatisho: nakala ya fomu ya maombi, nakala ya risiti, ratiba yenye picha ya kasuku, hati ya bima, barua yenu ya tarehe 4 Agosti.