Macho ya bibi

Kishapu,
14 Agosti

Kadzo mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema baba yako ameanza kupaka nywele rangi nyeusi nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kumbe huko Kilifi kinachomfanya mzee aitwe mchawi ni mvi. Huku kwetu ni macho.

Nilikuambia tumemhamisha bibi, sikukuambia kwa nini. Mtoto wa jirani aliugua akafariki. Wazazi wakaenda kwa mganga, naye akawaambia mbaya wao ni mwanamke mwenye macho mekundu, anayeishi upande wa machweo. Jina hakutaja, ya nini? Upande ule mwenye macho hayo ni mmoja tu, tena mjane mwenye ekari nne za pamba. (Hizo ekari nitakusimulia siku nyingine, nikianza sasa sitamaliza.) Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, hizi za kuwaonyesha watu nani mchawi wao, mwaka 2015, lakini mganga huyu wa kwetu kwake kuna foleni.

Macho yenyewe nimeyaona yakiwiva. Jiko la bibi halina dirisha. Anainama, anasogeza kinyesi cha ng'ombe kilichokauka katikati ya mafiga, anapuliza, moshi unamrudia usoni, anajifuta kwa ncha ya khanga, anapuliza tena. Hivyo kila siku, miaka hamsini na zaidi. Wala hakukichagua kinyesi. Misitu ya huku Shinyanga ilifyekwa tangu enzi za Waingereza kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kupisha pamba, kuni zikawa za kusafiria. Ukiufuata uzi huo, macho ya bibi yalianza kuwa mekundu kabla hajazaliwa.

Baba mdogo naye macho yake ni kama pilipili, ya gongo hayo. Yeye ni mlevi tu. Watu wanamsalimia, wanamtania, wanamkopesha.

Lakini Kadzo, linaloninyima usingizi si mganga. Nilipokuwa darasa la pili kulikuwa na kikongwe njiani kwetu, macho yake hivyo hivyo. Tukifika kwake tulitimua mbio, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga kelele, "Anatuangalia!" Usiku mmoja walimkata mapanga. Asubuhi watu wazima walinong'ona kidogo, wakaenda shamba. Jina lake sikuwahi kulijua, na juzi nilipomuuliza mama, naye alinyamaza muda mrefu, akasema, "Tulikuwa tunamwita yule bibi."

Sasa bibi yuko kwangu. Nimemnunulia mtungi mdogo wa gesi, anauogopa, anasema utatulipua. Anachemshia chai tu, tena akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. Ugali bado anataka mafiga, kwa hiyo nimeyapanga uani, chini ya mwarobaini, moshi uende zake.

Niambie rangi ya baba inadumu siku ngapi kabla mvi hazijachungulia, na nani anampaka kisogoni.

Wako,
Minza