Faida Ipo, Pesa Haipo

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam nyingi. Mimi huku ni mzima na natumaini nanyi nyote hamjambo. Wafikishie baba na mama shikamoo zangu. Barua hii ukishaisoma mpe na kaka yako, maana mwakani naye ataanza somo la biashara.

Umeniuliza biashara inawezaje kupata faida halafu ikafa kwa kukosa pesa. Nimelipenda sana swali hilo. Mwanafunzi akilielewa vizuri, mada nyingi za mwanzo zinamfungukia, kwa sababu gharama, bei, mtaji, mikopo na mizania zote zinakutana hapo. Nitakujibu kwa mfano mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chukua kalamu ufanye hesabu pamoja nami, usisome kwa macho tu.

Tuseme wanafunzi watatu wanachapa fulana na kuziuza. Sitataja sarafu, maana hesabu ni ileile popote. Fulana tupu wanainunua kwa 50. Wino na vitu vingine vinavyoisha kwa kila fulana ni 12, mfuko wa kufungia ni 3. Jumla 65. Hizi ni gharama zinazobadilika: fulana kumi zitakula 650, na usipochapa hata moja hutumii kitu. Halafu wanakodi mashine kwa 1,000 kila mwezi, na wametengenezesha fremu ya mchoro kwa 400, malipo ya mara moja. Hizo 1,400 zinalipwa hata kama hakuna fulana iliyouzwa, na ndiyo maana tunaziita gharama za kudumu. Neno "kudumu" huwapotosha wengi wakadhani hazipandi kamwe. Mwenye mashine anaweza kupandisha kodi yake mwezi ujao. Maana yake ni kwamba hazifuati idadi ya fulana unazotengeneza.

Bei ya kuuzia ni 100. Kila fulana ikiuzwa inajilipia 65 zake na kubakiza 35. Hiyo 35 huitwa mchango, kwa kuwa inachangia kulipa zile 1,400. Gawanya 1,400 kwa 35, unapata 40. Fulana ya 40 ikitoka, gharama zote zimerudi, na faida inaanzia fulana ya 41. Wakiuza 60, mchango ni 2,100. Toa 1,400, faida ni 700.

Sasa mmoja wao anasema, "Tupunguze bei kwa asilimia 10 tu, wateja watakuja." Asilimia 10 inasikika ndogo. Lakini bei ikishuka hadi 90, gharama ya 65 haishuki nayo, kwa hiyo mchango unaporomoka kutoka 35 hadi 25. Ili kurudisha gharama sasa wanahitaji kuuza fulana 56 badala ya 40, na ili wapate faida ileile ya 700 wanahitaji kuuza 84 badala ya 60. Hilo ni ongezeko la asilimia 40 la mauzo kwa ajili ya punguzo la asilimia 10 la bei. Kabla hujapunguza bei ya kitu chochote, fanya hesabu hii kwanza. Dakika mbili zinatosha.

Kuna kosa jingine la asilimia ninaloliona mara nyingi, hata kwa watu wazima. Ukinunua kitu kwa 50 ukakiuza kwa 75, faida ni 25. Ukiilinganisha na gharama ni asilimia 50. Ukiilinganisha na bei ya kuuzia ni theluthi moja, kama asilimia 33. Zote ni sahihi, ila ni vipimo viwili tofauti. Mtu akitaka faida iwe asilimia 40 ya bei ya kuuzia, na gharama ni 65, wengi huzidisha 65 kwa 1.4 wakapata 91. Angalia: faida hapo ni 26, na 26 katika 91 haifiki hata asilimia 29. Njia sahihi ni kugawanya 65 kwa 0.6, kwa kuwa gharama inatakiwa kuchukua asilimia 60 ya bei. Jibu ni 108 na ushee. Kwenye mtihani soma swali mara mbili uone linataka asilimia ya nini.

Haya, tuje kwenye pesa.

Vijana wetu walianza na mtaji wa 5,500 taslimu. Mwezi wa kwanza walitengeneza fulana 60, wakalipa 3,900 za gharama zinazobadilika na 1,400 za gharama za kudumu. Zimetoka 5,300, zimebaki 200. Fulana zote 60 zikauzika, ila 20 tu ndizo zilizolipwa papo hapo. Zile 40 zilichukuliwa kwa mkopo, wateja wakaahidi kulipa baada ya siku 45. Mwisho wa mwezi kisanduku kina 200 na 2,000, yaani 2,200. Faida ni 700 kamili, kwa sababu mauzo yanahesabiwa siku mali inapokabidhiwa, hata kama pesa haijaingia.

Mwezi wa pili watu wanataka tena fulana 60. Fremu ipo tayari, kwa hiyo wanahitaji 3,900 za vifaa na 1,000 ya mashine, jumla 4,900. Wana 2,200. Wamepungukiwa 2,700, huku 4,000 zao ziko mikononi mwa wateja na hazitarudi kabla ya mwezi huo kufika katikati. Wakilipa mashine kwanza wanabaki na 1,200, ambazo zinatosha fulana 18 tu. Fulana 18 mara 35 ni 630. Kodi ya mashine ni 1,000. Biashara iliyopata faida ya 700 mwezi uliopita sasa inapata hasara ya 370, na oda za fulana 42 zimekwenda kwa mwingine. Bidhaa haikuwa na kasoro, wala bei haikukosewa. Kilichowaangusha ni tarehe: waliuza leo, watalipwa baada ya siku 45, na mwenye vifaa anataka pesa yake leo.

Ona pia kwamba kadiri biashara hii inavyokua, shimo linazidi kupanuka. Oda zikifika 100, pesa ya vifaa inayotakiwa mapema ni 6,500. Ndiyo maana biashara inayokua haraka inaweza kukwama vibaya kuliko ile inayokwenda polepole, jambo ambalo wanafunzi wengi hukataa kuliamini mpaka wameliona kwa namba.

Dawa zipo, na zote zinagusa tarehe. Ya kwanza ni malipo ya awali. Kama wangedai nusu kwa zile fulana 40 za mkopo, 2,000 zingeingia mapema na kisanduku kingekuwa na 4,200. Toa 1,000 ya mashine, zinabaki 3,200, zinatosha fulana 49. Mchango ni 1,715, faida 715. Ni wateja walewale na bei ileile, lakini hasara imegeuka faida. Ya pili ni kuchukua fulana tupu kwa mali kauli, ukauza kwanza ndipo ukamlipa mwenye mali. Hapo andikeni tarehe ya kulipa, maana mali kauli bila tarehe huzaa ugomvi. Ya tatu ni kufupisha siku za mkopo unaotoa. Kanuni ninayoiamini ni hii: siku unazowapa wateja zisizidi siku unazopewa na wanaokuuzia. Pale zinapozidi, tofauti hiyo unaigharimia wewe kwa mtaji wako.

Sasa utaniuliza, kama kisanduku kina 2,200 tu, ile 700 iko wapi? Hapa ndipo uhasibu unapopendeza. Mwaka 1494 mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha Venice maelezo ya namna wafanyabiashara wa huko walivyoandika hesabu zao: kila tukio linaandikwa mara mbili, mara moja upande wa debiti (kushoto) na mara moja upande wa krediti (kulia), kwa kiasi kilekile. Utaratibu huo ndio unaofundishwa hadi leo. Vijana wakiuza fulana 40 kwa mkopo, wanaandika debiti 4,000 kwenye wadaiwa na krediti 4,000 kwenye mauzo. Kisanduku hakiguswi, kwa sababu hakuna pesa iliyoingia.

Mwisho wa mwezi panga mizania. Upande mmoja mali walizonazo: taslimu 2,200, wadaiwa 4,000, jumla 6,200. Upande wa pili zilikotoka: mtaji wa kuanzia 5,500, faida 700, jumla 6,200. Pande mbili zinalingana. Faida imo ndani ya yale madeni ya wateja. Wasipolipa, faida inayeyuka nayo na mtaji unaliwa juu yake. Mteja mmoja wa fulana 7 akitokomea, 700 yote imekwenda.

Jambo moja la debiti na krediti huwachanganya sana wanaoanza. Taarifa ya benki huandika krediti pesa yako inapoongezeka, wakati daftari lako linaandika debiti. Benki haijakosea. Inaandika kwa upande wake: pesa uliyoweka ni deni lake kwako.

Mikopo nayo ina mtego wake. Mkopo ukiingia si mapato, na unapourudisha, ile sehemu ya msingi, yaani kiasi chenyewe ulichokopa, si gharama. Gharama ni riba tu. Kwa hiyo unaweza kuwa na mwezi wenye faida nzuri huku marejesho ya mkopo yanakomba kisanduku chote. Kununua mashine kunafanana na hilo. Mashine ya 9,000 inayotarajiwa kudumu miezi 36 inaingizwa kwenye gharama kidogo kidogo, 250 kila mwezi, na hiyo ndiyo inayoitwa uchakavu. Kwenye karatasi ni nafuu kuliko kukodi kwa 1,000. Lakini 9,000 zinatoka siku moja, na vijana wenye mtaji wa 5,500 hawana ubavu huo. Kwa hali yao kukodi ndiyo busara, ingawa kila mwezi inauma.

Aina za umiliki sitazirefusha, kitabu chenu kitawaeleza mmiliki mmoja, ubia, ushirika na kampuni. Shika hili tu: mmiliki mmoja na wabia wa kawaida wanadaiwa hadi mali zao binafsi, lakini mwanahisa wa kampuni yenye ukomo wa dhima hupoteza kile tu alichoweka kwenye hisa. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Kesi inayotajwa zaidi ni ya fundi viatu wa Uingereza, Aron Salomon, aliyeshinda mwaka 1896. Katika hisa 20,007 zilizotolewa na kampuni yake, yeye alikuwa na 20,001, mke na watoto watano hisa moja moja, na bado mahakama ya juu ilisema madeni ya kampuni si yake. Wakopeshaji wa siku hizi wanalijua hilo, ndiyo maana mara nyingi humtaka mwenye kampuni ndogo atie saini ya udhamini binafsi. Akishatia saini, ukomo ule haumkingi tena kwa mkopo huo.

Na msisahau jasho lenu. Kama vijana wale walitumia saa 30 jumla, na kila saa ingewapatia 20 kwenye kazi nyingine, wameacha 600. Faida ya 700 ikishaondolewa hiyo inabaki 100. Haiandikwi kwenye leja, yaani daftari la hesabu, lakini ndiyo namba ya kutazama mkiamua kama kazi hii iendelee.

Mkianza mradi wenu wa darasa, kabla ya kununua chochote chora jedwali la wiki nane. Juu kabisa andika pesa iliyopo mwanzo wa wiki. Chini yake pesa inayotarajiwa kuingia, uiweke kwenye wiki itakayolipwa, usiiweke wiki ya kuuza. Kisha pesa itakayotoka, pia kwa wiki ya kulipa. Jumlisha, toa, na kinachobaki kipeleke juu ya wiki inayofuata. Ukikuta wiki yenye namba hasi, umeligundua tatizo mapema na bado kuna muda wa kudai malipo ya awali au kupunguza oda. Baada ya hapo rudia jedwali lote ukichelewesha kila malipo ya wateja kwa wiki mbili, kwa sababu watachelewa. Na msiulize watu "je, utanunua?" Wengi watajibu ndiyo kwa adabu tu. Waombeni waweke oda na sehemu ya malipo, kisha mhesabu waliotoa.

Ukimaliza jedwali lipige picha unitumie, hata kama lina makosa, nami nitakurudishia nikiwa nimeweka alama kwenye wiki zinazonitia shaka.

Mkumbushe mama atumie dawa zake kwa wakati.

Ni mimi dada yako akupendaye.