Barua kutoka Marangu: wageni wa kulala nyumbani

Marangu, Kilimanjaro

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Swali lako, kama inafaa mtenge chumba hapo Lushoto kwa ajili ya watalii wa kulala, nimelitafakari wiki nzima, kwani sikutaka kukujibu kwa furaha ya msimu.

Huku kwetu mgeni hafuati chumba. Anakuja kukiona kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, namna mgomba unavyoukinga mbuni, mti wa kahawa, kwa kivuli na mfongo, mfereji wetu, unavyoteremsha maji kutoka juu mlimani. Anatwanga kahawa kwenye kinu, anaikaanga, anainywa, kisha anakula mtori wa ndizi na kulala. Choo safi, chandarua na maji yaliyochemshwa havina mjadala, lakini gharama kubwa ni siku yako nzima, ambayo mwaka wa kwanza sikuihesabu, nikajiona tajiri.

Fedha yenyewe ni ya msimu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyumba hukaa kimya, na mwaka 2020 korona ilituonyesha kuwa hata Julai inaweza kupita bila mgeni. Jirani aliyekuwa ameng'oa mibuni ili aongeze vyumba alihangaika kuliko sisi tuliokuwa na kahawa ya kuanika.

Jambo ninalokusihi zaidi ni bei. Tulipopokea wageni kila mtu kivyake, wakala mmoja wa mjini aliniambia kuwa jirani yangu amekubali pungufu, nami nikashusha. Kumbe jirani naye aliambiwa hivyo hivyo kunihusu. Tuligundua tukiwa msibani, tukimenya ndizi. Siku hizi tunapokea kwa zamu, bei ni moja, na sehemu ya malipo huingia kwenye mfuko wa kijiji, kama ulivyokusudia mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza nchini katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Waholanzi. Huko Usambara wapo walioianza kazi hii mapema. Waulize kabla ya kununua hata shuka.

Tena zungumza na shemeji mapema. Kihamba ni cha ukoo wa mume wangu na fedha ya kahawa hupita kwake, lakini ya mgeni hufika mkononi mwangu, na mazungumzo hayo tuliyachelewesha mno.

Njoo Agosti, tukiwa tunachuma kahawa, ulale kwangu siku mbili kama mtalii. Malipo yawe viazi vya Lushoto.

Wako wa siku zote,
Shoga yako wa Marangu