Asili ya Kaunti ya Graham, Kansas

Kwa rafiki yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Uliniuliza asili ya Kaunti ya Graham, magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, nami nakujibu kwa kirefu kidogo, maana jina lake halikufunulii lolote kuhusu waliolima ardhi yake mwanzoni. Bunge la jimbo liliichora ramani yake mwaka 1867 na kuipa jina la Kapteni John L. Graham, aliyeuawa miaka minne kabla katika mapigano ya Chickamauga, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yaliondolewa katika majimbo ya Kusini, yaliyokuwa na utumwa kabla ya vita hivyo, na Weusi waliotoka utumwani wakabaki bila kinga. Ndipo mamia kati yao, wengi wakitokea jimbo la Kentucky, walipoitikia wito wa mchungaji W. H. Smith, mtu mweusi, na Mzungu mmoja mfanyabiashara wa ardhi, W. R. Hill, wakaanzisha mji wa Nicodemus kando ya Mto Solomon. Miti ya kujengea ilikuwa haba, hivyo walichimba makazi ndani ya ardhi. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia baadaye kwamba alipoonyeshwa moshi ukifuka kutoka ardhini na kuambiwa kuwa huo ndio mji wenyewe, aliangua kilio. Baadhi ya familia zilirudi zilikotoka, na sioni sababu ya kuzilaumu.

Waliobaki hawakukaa pembeni. Kaunti ilipopata serikali yake mwaka 1880, karani wake wa kwanza alikuwa Edward McCabe wa Nicodemus, mtu mweusi, ambaye mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Hata hivyo makao makuu ya kaunti hayakupelekwa Nicodemus. Yalianzia Millbrook, mji uliobomolewa na kimbunga mwaka 1887, kisha yakahamia Hill City, mji wenye jina la Hill yuleyule. Kwa maoni yangu, pigo kubwa zaidi lilikuwa la reli, ambayo mwaka 1888 ilipita upande wa pili wa mto, na wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata hadi mji wa Bogue.

Nicodemus ilitangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa mwaka 1996, na wazawa wake hukusanyika huko kila mwaka mwishoni mwa Julai. Ukipata nafasi ya kusafiri, panga safari yako wakati huo, na uanzie Nicodemus kabla ya kwenda Hill City.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zuhura