Mbona mpira uko kabatini nami naambiwa nisubiri?

Mzee aliyetuuliza swali hilo Jumanne alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga alfajiri, na njaa ilikuwa inamuuma kwa sababu tulimkataza kula tangu usiku. "Binti, ule pale umening'inia, kwa nini nisubiri?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Wengine hawaulizi, wananuna tu.

Tulimjibu kwamba ule mpira, yaani bomba laini lenye kamera tunalolipitisha mdomoni kuangalia ndani ya tumbo, haujakauka.

Mkasi wa upasuaji tunauingiza kwenye mashine ya mvuke, kazi imekwisha. Mpira wenye kamera hauwezi kustahimili joto lile, kwa hiyo unasafishwa kwa mkono na kwa dawa. Tena uchafu unaotutia wasiwasi si ule wa nje. Ndani ya mpira kuna tundu jembamba, halifiki milimita 3 kwa upana lakini linazidi mita moja kwa urefu. Humo ndimo hupita kikoleo cha kuchukulia kinyama cha kupima, na humo ndimo ute na damu hubaki.

Usafi unaanzia kitandani. Mgonjwa akiwa bado anafuta machozi, sista anapangusa mpira na kuufyonzesha maji ya sabuni. Hapa kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, jambo hilo si la kufanyia mzaha: kichocho cha muda mrefu huharibu mzunguko wa damu kwenye ini, mishipa ya umio (njia ya chakula) ikavimba, na watu wengi wanatufikia wakitapika damu. Damu ikigandia ndani ya tundu, dawa ya kuua vijidudu haipenyi.

Kisha mpira unajazwa hewa na kuzamishwa majini. Povu likitoka, umetoboka, na siku hiyo haufanyi kazi. (Ndiyo maana tunasisitiza ung'ate kile kidude cha plastiki mdomoni. Meno ya mteja mmoja yalituweka wiki mbili na mpira mmoja tu.) Baada ya hapo ni brashi na sabuni yenye vimeng'enya vya kuvunjavunja damu na ute mpaka brashi itoke safi, halafu mpira unalowekwa kwenye glutaraldehaidi, dawa ya kuua vijidudu, kwa dakika 20, kwa saa ya ukutani, si kwa kukisia. Dawa yenyewe tunaipima kwa kikaratasi kila asubuhi, kwani hupungua nguvu kadiri inavyotumika. Ikishindwa tunaimwaga, hata kama inauma mfukoni.

Kukausha ndiko kunakorukwa foleni ikiwa ndefu. Maji yakibaki ndani ya tundu usiku kucha, bakteria huzaliana na kujijengea utelezi kama ule wa kwenye ndoo ya maji iliyosahauliwa, na chini ya utelezi huo dawa haiwafikii. Sisi tunapitisha spiriti, kisha hewa, na kuutundika wima.

Mwaka 2015 hospitali kubwa ya Los Angeles ilipata wagonjwa walioambukizwa bakteria sugu kupitia mipira ya njia ya nyongo, na vifo viwili vikahusishwa na maambukizi hayo. Mipira ile ina kidude cha kunyanyulia chenye mikunjo migumu kusafisha. Kipimo hicho cha njia ya nyongo sisi hatukifanyi, na kwa vifaa tulivyo navyo hatutakifanya.

Tuna mipira miwili, na kila mmoja unakula karibu saa nzima ya usafi. Kwa hiyo tunaandika watu wanane kwa siku. Mhasibu angependa kumi na watano.

Kwa upande wako, usile kwa masaa 6 kabla ya kipimo. Maji matupu yaishie masaa 2 kabla. Tuambie kama una kisukari, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una meno ya bandia. Ukitaka sindano ya usingizi, njoo na mtu wa kukurudisha, na pikipiki usiiguse mpaka kesho yake.

Mzee aliingia saa tano na robo. Kabla ya kulala ubavu akauliza, "Mpira huu leo umeshapita kwa wangapi?" Sista akafungua daftari, akamwonyesha namba ya mpira na saa ulipotoka kwenye dawa. "Wewe ni wa pili, babu."