Dawa za wagonjwa wa akili zifike mitaani

Mhariri, salaam aleikum. Mie niko Likoni, mamangu mdogo ni mgonjwa wa akili miaka mingi na zamani akizidiwa tulikuwa twamfunga kamba, mara twampeleka kwa mganga, hospitali tukajua ni Mathari tu huko Nairobi, ile ya tangu 1910 enzi za mkoloni, kumbe hata hospitali ya Port Reitz hapa hapa Mombasa wanatibu! Sasa ameza dawa na mahamri apika mwenyewe, alhamdulillahi. Na Januari 2025 nilifurahi sana Mahakama Kuu iliposema kumshtaki mtu alojaribu kujiua ni kinyume cha katiba, maana huyo ataka daktari si selo. Lakini dawa zahanati hazipatikani, twanunua wenyewe na wallahi ni ghali, kaunti tusaidieni.

Mkaazi, Likoni